Kuishi Miaka 150: Hasa Tunabishania Nini?

Ukivuka kwa boti kutoka Forodhani, mjini Unguja, hadi kisiwa cha Changuu utaonyeshwa kobe wakubwa, na kabla hujauliza kitu utakuwa umeshasoma umri wao, maana umeandikwa kwa rangi mgongoni: huyu mia na kitu, yule anakaribia mia mbili. Wa mwanzo walikuwa wanne, wakaletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Namba nyingi za mgongoni ni za kukadiria, kwani hakuna aliyekuwepo yai lilipopasuka, lakini kwamba kobe wa jinsi hii huweza kupita miaka 100 halina ubishi. Swali linalofuata hata mtoto wa skuli hulifikia mwenyewe: kwa nini kobe apewe na binadamu anyimwe?

Kwa miaka kumi na kitu sasa swali hilo limepata wenye fedha. Mwaka 2013 Google ilianzisha Calico, kampuni ya kuchunguza uzee. Mwaka 2022 ikatangazwa Altos Labs, iliyoanza na mtaji wa dola bilioni 3. Mwingereza Aubrey de Grey, mtafiti wa uzee, amekuwa akisema kwa muda mrefu kwamba mtu wa kwanza kufikia miaka 1,000 huenda ameshazaliwa.

Habari hizi zikifika kwenye baraza zetu, watu hugawika papo hapo. Mmoja atasema hawa wanataka kushindana na Mungu. Mwingine atasema dawa ni dawa, mbona presha tunaitibu. Wa tatu atasema hata wakiipata haitafika Micheweni, kule Pemba. Wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia jambo lake. Ndani ya hayo tunayoyaita kurefusha maisha mna mambo matatu yasiyofanana, na bila kuyatenganisha hatuwezi kujibu ndiyo wala hapana.

Wastani na ukomo

La kwanza ni kupunguza vifo vya mapema. Hapa ndipo dunia ilipofanya kazi kubwa, na hapa ndipo wengi wanapopotea hesabu. Tukisikia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 wastani wa umri wa kuishi Tanzania ulikuwa chini ya miaka 45, na leo umepita 65, tunadhani mtu wa zamani akifika 45 alikuwa akingojea sanda. Chukua watoto kumi waliozaliwa kijiji kimoja. Wanne wakifa kwa malaria, surua na kuharisha kabla ya kutimiza mwaka, na sita wakafika miaka 70, wastani wa wote kumi ni kiasi cha miaka 42, na katika wote hao hayupo aliyekufa akiwa na umri huo. Vikongwe walikuwepo siku zote. Waliokosekana ni wale waliozikwa wachanga.

Visiwa vyetu vinaijua kazi hii. Vyandarua, dawa ya mseto na upuliziaji majumbani vimeshusha maambukizi ya malaria hadi chini ya asilimia 1. Watoto wengi wako hai kwa sababu hiyo, na sijamsikia mtu akiiita kufuru. Lakini chandarua hakikumfanya yeyote azeeke polepole. Kilimwezesha tu kuufikia uzee wake.

La pili ni kuongeza miaka ya uzima, yaani mtu afike 80 akiwa anakwenda shamba na anawajua wajukuu wake kwa majina. La tatu ni kuvunja dari lenyewe, yaani ukomo wa umri wa binadamu: 150, 200, na zaidi.

Hilo dari ni gumu. Mwanamke wa Kifaransa, Jeanne Calment, alifariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122, na tangu hapo, pamoja na dawa zote zilizogunduliwa na mamilioni ya watu waliofika 90, hakuna mtu mwenye kumbukumbu zilizothibitishwa aliyemfikia. Kane Tanaka wa Japani alikaribia. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 119. Kwetu jina linalotajwa ni la Bi Kidude. Alipofariki Aprili 2013 wengi walisema amepita mia, na huenda ni kweli, lakini hapakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuuliza. Ndivyo ilivyo mahali pengi. Mtafiti Saul Newman ameonyesha kwamba sehemu kadhaa zinazosifika duniani kwa watu wa miaka mia ni zile zile zenye kumbukumbu mbovu za vizazi na vifo. Kwa hiyo ukisikia kuna kijiji fulani ambako watu huishi miaka 130 kwa kunywa kitu fulani, uliza kwanza daftari la vizazi liko wapi.

Jahazi kuukuu

Kwa nini dari halipandi ilhali tiba inapanda? Jibu liko katika hesabu ya mwaka 1825. Benjamin Gompertz, Mwingereza aliyefanya kazi ya bima, alitazama majedwali ya vifo akaona kwamba hatari ya kufa haiongezeki kwa hatua sawasawa, inajizidisha. Kwa takwimu za siku hizi, mtu mzima hatari yake ya kufa ndani ya mwaka huongezeka maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Piga hesabu: kutoka miaka 38 hadi 70 ni miaka 32, maradufu nne, hatari mara kumi na sita. Ukifika 90, maradufu zinakwenda na wewe.

Matokeo yake yanashangaza. Mwaka 1990 mtafiti Jay Olshansky na wenzake walikokotoa kwamba hata saratani zote zingetoweka Marekani, wastani wa umri wa kuishi ungeongezeka kwa kiasi cha miaka mitatu tu. Tunayoiogopa hivyo, miaka mitatu! Sababu ni kwamba aliyenusurika na saratani akiwa na miaka 78 anabaki na moyo wa miaka 78, figo za miaka 78 na mishipa ya ubongo ya miaka 78. Ni kama jahazi kuukuu lililopelekwa kwa fundi kalafati. Anaziba kwa pamba ufa mmoja, maji yanaingia kwa mwingine, kwa sababu mbao zenyewe zimechoka.

Watafiti wa uzee wanataka kuzishughulikia mbao. Mwaka 2013 kundi la wanasayansi likiongozwa na Mhispania Carlos López-Otín lilipanga dalili tisa za uzee ndani ya seli, na mwaka 2023 wakaziongeza zikawa kumi na mbili. Sitazitaja zote. Vinasaba hupata majeraha na mashine ya kuvirekebisha inachoka. Kuna seli zilizoisha kazi zinazokataa kufa, zikabaki zinatoa sumu inayochochea uvimbe kwa jirani zake. Na zipo telomea, ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), zinazofupika kila seli inapogawanyika. Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu zikifugwa maabara hugawanyika kama mara 40 hadi 60, kisha hugoma.

Mtu atasema basi turefushe telomea, yaishe. Hapa pana mtego. Kule kugoma kwa seli ni ulinzi pia. Seli inayojua kurudisha telomea zake na kugawanyika bila mwisho ipo, nayo ni ya saratani: seli zilizochukuliwa mwaka 1951 kutoka kwa uvimbe wa Henrietta Lacks huko Baltimore bado zinagawanyika katika maabara duniani kote, ilhali mwenyewe alikufa mwaka huo huo akiwa na miaka 31. Kuizuia seli isizeeke na kuizuia isigeuke saratani ni mambo mawili yanayovutana, na mwili wetu umekaa katikati. Kobe wanaonekana kuwa wamepata mapatano mazuri zaidi. Mwaka 2018 wanasayansi waliposoma vinasaba vya kobe wa Aldabra, jamii ya hawa wa Changuu, waliona tofauti katika jeni zinazohusika na kurekebisha vinasaba vilivyoharibika na kuzuia saratani. Tofauti hizo zilijengeka kwa mamilioni ya miaka. Haziwezi kuchotwa zikatiwa kwenye kidonge.

Na maabara zimefika wapi? Mwaka 1993 Cynthia Kenyon alibadilisha jeni moja katika mnyoo mdogo anayeishi wiki chache tu, na mnyoo akaishi maradufu. Mwaka 2009 dawa iitwayo rapamisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, iliongeza umri wa panya waliokuwa wameshazeeka, majike kwa asilimia 14 na madume kwa 9. Kima waliopunguziwa chakula walileta majibu mawili: Wisconsin waliona faida, na taasisi ya taifa ya uzee ya Marekani haikuona kwamba waliishi zaidi. Mjapani Shinya Yamanaka aligundua mwaka 2006 kwamba jeni nne zinatosha kuirudisha seli ya mnyama mzima katika hali kama ya kiinitete. Hiyo ndiyo iliyoamsha fedha nyingi, na hapo pia uvimbe ni hatari ya kweli, kwa sababu seli iliyosahau kazi yake hukua ovyo.

Iliyo karibu nasi zaidi ni metformini, vidonge vile vile anavyopewa mgonjwa wa sukari hapa kwetu. Mwaka 2014 utafiti wa Uingereza ulionyesha kana kwamba wagonjwa wa sukari wanaoitumia waliishi zaidi kuliko watu wasio na sukari, na dunia ikachangamka. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2022 haukuliona jambo hilo. Mpaka sasa hakuna dawa hata moja iliyothibitishwa kupunguza kasi ya uzee kwa binadamu. Anayekuuzia ya kurudisha ujana kupitia simu anakuuzia maneno, na rapamisini, kwa mfano, hushusha kinga ya mwili. Hospitali huwapa watu waliopandikizwa figo. Si ya kuchezea.

Hoja ya imani

Wanaosema huku ni kushindana na Mungu wanastahili kusikilizwa kwa makini, na mara nyingi hawasikilizwi. Qurani inasema Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, kwa hiyo umri mrefu wenyewe si jambo lisilojulikana katika dini. Pia inawataja kwa lawama wanaotamani kila mmoja apewe miaka elfu, na kusema kwamba umri huo hautawaepusha na adhabu. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu watafute dawa, kwani kila ugonjwa una dawa yake isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Wapo wanaoichukua hadithi hii kuwa imefunga mlango.

Fatwa ni ya masheikh. Lakini ninaposoma utafiti wenyewe naona kwamba kile kinachokatazwa na kile kinachotafutwa maabara havigongani kama tunavyodhani. Mtu asiyezeeka bado ni mtu wa kufa. Tuseme kila mwaka, katika umri wowote, ana uwezekano wa kufa wa mmoja kwa elfu, kama kijana mwenye afya. Kwa wastani ataishi miaka elfu, kisha ajali, maradhi ya mlipuko au maji yatamchukua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba, hapakuwa na aliyeulizwa umri. Kutokufa hakumo katika mjadala huu, na wanaouza neno hilo wanaudanganya umma.

Kilichomo kimetajwa pia katika dua tuliyofundishwa, ya kujikinga na kurudishwa katika umri dhaifu kabisa, ule ambao mtu hajui tena kitu baada ya kuwa alikuwa anajua. Kwa maneno mengine, dini imetupa ruhusa ya kuuogopa uzee wa namna hiyo na kuomba tuepushwe nao. Sioni vipi kuomba kuwe ibada na kutafuta sababu kuwe kufuru.

Anayemgeuza mgonjwa

Aliyewahi kumuuguza mzee aliyepooza anajua hayo bila kusoma makala. Kila baada ya saa mbili unamgeuza, usiku na mchana, mgongo usifanye vidonda. Uji unaupitisha kijiko kwa kijiko, unangoja ameze, kwa sababu ukienda mbio utamwingilia kifuani. Unamtayamamisha kwa mkono wako. Asubuhi unamwambia jina lako, na kama akili imeshaondoka atakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Na anayefanya hayo karibu kila mara ni mwanamke: binti aliyeitwa arudi kutoka Dar, au mkaza mwana aliyeacha biashara yake ya maandazi. Nyumba za kutunzia wazee tunazo chache, Sebleni na Welezo huku Unguja na Limbani kule Wete, na zinawapokea wasio na watu. Serikali ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapandishwa hadi 50,000. Ni jambo la heshima kubwa. Lakini haimlipi yule binti miaka yake.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Ongeza umri hadi 150 bila kuongeza uzima, na utakuwa umemwongezea mama miaka hamsini ya kitandani na binti miaka hamsini ya kumgeuza, huku binti mwenyewe akiwa na miaka 120. Hakuna mwenye huruma atakayelitaka hilo. Punguza kasi ya uzee wenyewe, ili kiharusi kilichokuwa kije katika miaka 62 kije 85 au kisije kabisa, na umewafungua watu wawili kwa pamoja. Kwa ajili hiyo utafiti huu nautaka, na kwa haraka. Dari likipanda kwa sababu watu wana afya, na lipande. Likitafutwa kwa ajili ya sifa ya namba, sina haja nalo.

Hofu ya kujaa visiwa ina ukweli nusu. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773, zaidi ya watu 700 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini idadi hupanda zaidi kwa vizazi kuliko kwa uhai mrefu. Fikiria asife tena mtu yeyote, na kila mwanamke akazaa mtoto mmoja tu: kila kizazi kitakuwa nusu ya kilichotangulia, na jumla haitapita maradufu ya ile ya mwanzo, hata milele. Sisi mwanamke huzaa kwa wastani zaidi ya watoto wanne. Swali la ardhi lipo kwetu tayari, bila ya dawa yoyote ya uzee.

Kinachonisumbua zaidi ni zamu. Ziko familia zinazolima eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na leo wajukuu wanagawana mikarafuu kwa kuihesabu. Sheria ya mirathi imepangwa kwa kudhani kwamba mtu hurithi akiwa bado na nguvu za kukilima alichorithi. Baba akiishi 150, mtoto atapata fungu lake akiwa na miaka 120, baada ya maisha mazima ya kulima cha mwenziwe. Ofisini ndivyo hivyo hivyo: leo mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, na kijana aliyemaliza chuo anakihesabia siku kiti hicho. Pensheni inayoanza 70 haiwezi kulipwa kwa miaka themanini. Umri wa kustaafu ungelazimika kusogea, desturi ya kuwapa watoto mali mtu akiwa hai ingelazimika kuzoeleka, na wazee wangelazimika kuachia madaraka wakiwa bado na nguvu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na hakuna maabara inayolifanyia kazi.

Tukirudi kwa yule wa barazani aliyesema haitafika Micheweni, historia iko upande wake. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kuokoa watu katika nchi tajiri mwaka 1996. Tanzania ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Katika miaka hiyo minane tulizika watu ambao dawa yao ilikuwapo. Wengine wanaichukua historia hiyo kuwa sababu ya kuukataa utafiti wa uzee. Mimi naiona kuwa sababu ya kuanza kudai mapema. Metformini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Majaribio yake ya uzee yakifanywa kwa Wamarekani peke yao, hatutajua inafanya nini kwa mtu aliyeugua malaria utotoni na akala muhogo maisha yake yote. Watafiti wetu wawemo, na wazee wetu wawemo kwa ridhaa yao. Na kila mtoto anayezaliwa leo Mnazi Mmoja, Chake Chake au nyumbani kwa mkunga aandikiwe tarehe yake ya kweli, kwa sababu bila hiyo hata tukiishi 123 hatutaaminiwa.

Huku tukidai hayo, kuna jambo lisilohitaji dola bilioni 3. Presha hupimwa kwa dakika tano, vidonge vyake ni rahisi, na kiharusi kingi kinachowalaza watu wetu kitandani kinaanzia kwenye presha ambayo haikupimwa, au dawa iliyoachwa mgonjwa alipojisikia nafuu. Mwenye mzazi aliyepita miaka 40 ampeleke kituo cha afya wiki hii, naye mwenyewe anyooshe mkono apimwe.